Mbao, burini au asidi: njia ipi ya zamani ya Ulaya ikufae kuchapa mnyama au mmea

Nungunungu, jani la mgomba na konokono haviombi kitu kimoja kwa mchapaji. Nungunungu ni miiba iliyolala safu kwa safu. Jani la mgomba ni ukingo mmoja mrefu wenye mishipa sambamba. Konokono ni mzunguko unaokwenda upande mmoja tu, na ukiugeuza umechora kiumbe kingine. Wachapaji wa Ulaya kati ya 1450 na 1700 walikuwa na njia tatu kubwa za kuweka viumbe kwenye karatasi, na kila njia ina viumbe inavyoviweza na viumbe vinavyoishinda. Anayetaka kujifunza uchapaji huo leo hukwama hapo: aanze na mbao, na burini (kijichuma chenye ncha cha kuchongea shaba), au na asidi?

Kanuni zenyewe ni mbili. Kwenye mbao unaondoa kisichotakiwa, mstari unabaki umesimama, na wino unakaa juu yake. Aliyewahi kutazama kwa karibu mlango wa nakshi wa Lamu au Mji Mkongwe ameshaielewa. Kwenye shaba ni kinyume: mstari ni mfereji, wino unajaa ndani ya mfereji, uso wa bamba unafutwa hadi uwe safi, kisha karatasi yenye unyevu inabanwa kwa nguvu mpaka iingie mferejini na kuunyonya wino. Burini na asidi zinatofautiana tu katika namna ya kuupata mfereji huo: mkono, au kemikali.

Vigezo kabla ya yote

Jiulize kwanza mnyama wako amevaa nini. Je, anatambulika kwa ukingo wake, kwa ngozi yake, au kwa manyoya yake? Hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, ingawa wengi huanza na bei ya vifaa. Kisha: unataka maneno yachapwe pamoja na picha? Nakala ngapi? Una mashine ya rola au huna? Ukikosea, utarudi nyuma kwa urahisi gani? Suala la picha kutoka kinyume, kama kwenye kioo, linazigusa njia zote tatu, kwa hiyo limewekwa peke yake mbele.

Chapa ya mbao

Inachokiweza. Ukingo na ruwaza. Mfano maarufu ni faru wa Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, 1515. Faru mwenyewe alishushwa Lisbon tarehe 20 Mei mwaka huo, zawadi iliyotoka kwa Sultani Muzaffar II wa Gujarat na kuishia kwa Mfalme Manuel I wa Ureno. Dürer alikuwa Nuremberg na hakumwona kamwe. Alifanya kazi kwa mchoro na maelezo aliyopelekewa. Tazama alichokifanya: kila mkunjo wa ngozi umekuwa kipande chenye mpaka wake, kama bati la vazi la vita, na ndani ya kila kipande kuna ruwaza yake, hapa madoa, pale mistari ya pinde, miguuni magamba. Mgongoni, juu ya mabega, kuna kipembe cha pili ambacho faru wa India hana, na wachoraji waliendelea kukinakili kwa zaidi ya miaka 200. Hans Burgkmair wa Augsburg naye alitoa chapa ya mbao ya faru huyohuyo mwaka uleule, yake akiwa amefungwa miguu ya mbele na yuko karibu zaidi na faru wa kweli. Ya Dürer ndiyo iliyoshinda sokoni. Sehemu ya sababu imo kwenye mbao zenyewe: vipande vyenye mpaka vinasomeka hata kwa mbali, hata kwa wino uliowekwa ovyo.

Kwa mimea, linganisha vitabu viwili. Cha Otto Brunfels, Strasbourg 1530, kina michoro ya Hans Weiditz: mmea halisi uliong'olewa, jani limenyauka, lingine limeliwa na mdudu. Cha Leonhart Fuchs, Basel 1542, chenye michoro zaidi ya 500, kinakupa mmea wa kielelezo usio na kasoro, mistari michache, nafasi nyeupe nyingi zilizoachwa makusudi zipakwe rangi kwa mkono. Humo mna mahindi, yaliyoitwa nafaka ya Kituruki, na pilipili iliyoitwa ya Kalikati (mji wa India), ingawa vyote viwili asili yake ni Amerika. Fuchs alifanya jambo lisilo la kawaida: aliweka kitabuni picha za mafundi wake. Albrecht Meyer alichora, Heinrich Füllmaurer alihamishia mchoro kwenye mbao, Veit Rudolf Speckle alichonga. Kazi tatu, watu watatu. Anayeanza leo peke yake akumbuke kwamba amejitwisha mizigo ya wote.

Kazi yenyewe. Ubao unakatwa kwa urefu wa nyuzi. Ulaya walipendelea mti wa peasi kwa sababu nyuzi zake ni laini na zinafanana pande zote. Mvule ni mbao nzuri ya mlango lakini vinyweleo vyake vikubwa vitatokea kwenye karatasi. Mpera una nyuzi laini zaidi, tatizo ni kupata kipande kipana. Plaiwudi inachanika kwenye mistari myembamba. Ukitaka kuchapa pamoja na herufi za risasi, unene wa ubao ulingane na kimo cha herufi, karibu milimita 23. Ukichapa picha peke yake, milimita 15 zinatosha.

Sugua uso kwa msasa mpaka namba 400, upake wino mwepesi wa kijivu ili kila mkato uonekane mweupe, kisha chora. Mkato wa kwanza wa kisu unapita kando ya mstari huku ncha ya kisu ikielekea nje ya mstari, ili mstari uwe mpana chini kuliko juu, kama tuta la shambani. Mkato wa pili unatoka upande mwingine, ukitengeneza umbo la V, na utepe wa mbao unatoka wenyewe. Ukielekeza ncha ndani, chini ya mstari, mstari utasimama kwa mguu mwembamba na utavunjika siku ya kuchapa. Sehemu pana zilizo wazi zichimbwe milimita 3 au 4 kwa patasi ya duara, maana karatasi hulegea ikagusa chini na kuacha uchafu. Mwanzoni usichonge mstari mwembamba kuliko nusu milimita.

Mahali mbao zinapogoma ni kwenye mistari ya kukatizana. Kwa kalamu unavuta mistari kumi hivi na kumi vile, umemaliza. Kwenye mbao huchongi mistari. Unachomoa kila kialmasi cheupe kilicho katikati yake, mikato minne kwa kimoja, na vinaweza kufika mia katika eneo la kidole gumba. Ndiyo maana kivuli cha picha nyingi za mbao ni mistari sambamba tu.

Idadi na maandishi. Hapa haina mpinzani. Ubao unafungwa pamoja na herufi, unapakwa wino mara moja, unachapwa mara moja, na unatoa maelfu. Ubao wa faru wa Dürer uliendelea kuchapwa kwa zaidi ya miaka mia. Mnamo 1620 Willem Janssen wa Amsterdam aliutoa tena akiongeza ubao wa pili wa rangi, wakati huo ukiwa umepasuka na kutobolewa na wadudu. Jumba la makumbusho la Plantin-Moretus mjini Antwerp, lililokuwa nyumba ya uchapaji, bado linatunza mbao kama 14,000 za nyumba hiyo.

Kinachoharibika. Mistari inayokatiza nyuzi humeguka. Kilichomeguka huzibwa: chonga tundu safi, gundisha kipande kipya chenye nyuzi zinazoelekea upande uleule, sawazisha, chonga upya. Wino mwingi huziba nafasi nyembamba. Paka tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito. Usioshe ubao kwa maji, utapinda. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo.

Inamfaa nani. Asiye na mashine, kwanza kabisa, kwa sababu mgongo wa kijiko cha mbao na karatasi nyembamba vinatosha. Anayetaka majani, ndege wenye mabawa ya mchoro mkubwa, kobe, samaki wa magamba. Haimfai anayetaka kuchapa paka.

Nakshi ya burini

Inachokiweza. Ngozi, na kwa ujumla uso wowote wenye mviringo. Ufundi huu ulitoka kwa masonara: baba yake mchongaji Martin Schongauer alikuwa sonara, na Dürer alianza kazi katika karakana ya baba yake, sonara pia. Burini ni fimbo fupi ya chuma kigumu, mraba au umbo la almasi, ncha imekatwa mshazari, mpini wake umekaa kiganjani kama uyoga. Ukiibana zaidi, mstari unanenepa. Ukiilegeza, unakonda na kufa taratibu. Mstari huo unaopumua ndio unaoweza kuuzunguka mgongo wa farasi ukaonekana wa duara kabla hujaweka kivuli chochote.

Katika Adamu na Hawa ya Dürer, 1504, bamba la kama sentimita 25 kwa 19, kuna paka, panya, sungura, ng'ombe na kasuku, na kila uso una lugha yake: ngozi ya binadamu ni vidoa na mistari mifupi, gamba la mti ni mistari mirefu inayojipinda, paka ni viguso vidogo vinavyofuata mwelekeo wa manyoya. Katika Mtakatifu Eustace, mnamo 1501, mbwa watano wa kuwinda wanafaa kuwa somo la mwezi mzima: manyoya mafupi yamefanywa kwa mikato isiyozidi milimita chache, ikifuata msuli, si ukingo.

Kazi yenyewe. Shaba nyekundu ya unene wa milimita 1 hadi 1.5. Kingo zipigwe tupa mshazari, la sivyo zitakata karatasi na blanketi la mashine. Bamba linakaa juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga. Hapa ndipo wanaojua kuchora hupotea: mkono wenye burini hauzunguki, unasukuma mbele tu kwa pembe ndogo iliyokaribia kulala, bamba ndilo linalozungushwa kwa mkono mwingine. Ukitaka duara, zungusha shaba. Kila mstari unaacha ukingo wa chuma ulioinuka, ukwangue kabla hujaendelea.

Kutia wino: pasha bamba moto kidogo, sukumiza wino mzito mferejini, futa kwa shashi ngumu kwa mwendo wa duara, malizia kwa kiganja kilichopakwa chaki. Karatasi ya pamba ya gramu 250 hivi iloweshwe nusu saa, kisha ikaushwe mpaka isimetemete. Bila mashine ya rola yenye mablanketi hutapata kitu. Kijiko hakiwezi kuisukuma karatasi ndani ya mfereji.

Idadi na maandishi. Mamia kadhaa ya nakala nzuri, kisha mistari mifupi inaanza kufifia, nayo ni ile ya manyoya. Maandishi ni shida ya kweli: herufi za risasi zinachapwa kwa mashine nyingine na kanuni nyingine, kwa hiyo ukurasa mmoja unapita mara mbili na mara nyingi picha inakaa upande. Vitabu vya tiba ya mimea vya karne ya 16, vilivyohitaji maelezo kando ya kila picha, vilibaki kwenye mbao kwa muda mrefu. Shaba iliingia kwa kishindo pale ua lilipopewa ukurasa wake peke yake. Kitabu cha Basilius Besler cha bustani ya askofu wa Eichstätt, 1613, kina mabamba 367 kwenye karatasi kubwa ajabu, na hapo mmea unasimama karibu na ukubwa wake wa kweli.

Kinachoharibika. Burini ikiteleza huacha mkwaruzo mrefu. Sababu karibu kila mara ni ncha butu: fundi anabana zaidi kwa kuwa haikati, inaruka. Ijaribu kwenye ukucha. Ikiteleza bila kuuma, inoe. Kosa dogo hukwanguliwa na kusuguliwa kwa chuma laini. Likiwa na kina, mahali pale panapigwa nyundo kwa nyuma ili shaba inyanyuke, halafu panalainishwa upya.

Inamfaa nani. Mwenye subira na mashine, anayependa nyoka, farasi, samaki wasio na magamba makubwa, tulipu, matunda. Miezi ya kwanza itaenda kwenye mistari iliyonyooka tu.

Chapa ya asidi

Inachokiweza. Manyoya, vumbi, unyasi, mdudu. Bamba linafunikwa kwa nta, unachora juu yake kwa sindano kwa wepesi wa penseli, kisha asidi inakula shaba pale tu ulipoifichua. Anayejua kuchora yuko nyumbani siku ya kwanza. Nguruwe wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa 1643 amelala amefungwa miguu, na nywele zake ngumu ni mikwaruzo isiyofuata adabu yoyote, burini isingekubali. Paulus Potter alitoa mfululizo wa ng'ombe mwaka 1650, na Wenceslaus Hollar mjini Antwerp alichapa vipepeo na mende mwaka 1646, na katika miaka hiyohiyo vifuko vya manyoya vya kupashia mikono, ambavyo ukivitazama unataka kuvishika. Kwa mimea, Fabio Colonna alitangulia Napoli mwaka 1592.

Kazi yenyewe. Nta ya kawaida: nta ya nyuki sehemu 2, lami safi sehemu 2, utomvu mkavu wa msonobari sehemu 1, viyeyushwe pamoja kwa moto mdogo. Safisha bamba kwa chaki na amonia mpaka maji yatande bila kukimbia. Pale yanapokimbia kuna mafuta, na nta itabanduka hapohapo. Tandaza nta nyembamba kwenye bamba la moto, ifukize kwa moshi wa mishumaa iwe nyeusi, chora.

Mafundi wa zamani walitumia asidi ya naitriki, au mchanganyiko wa siki na chumvi. Leo usiiguse naitriki nyumbani. Moshi wake unaumiza mapafu. Tumia kloridi ya feriki, ileile ya mafundi wa elektroniki wanaotengeneza bodi za saketi. Weka bamba kifudifudi, likiinuliwa kwenye pembe, kwa sababu inazalisha tope linalobaki mferejini na kuzuia ulaji. Kama mwanzo wa majaribio: dakika 10 kwa mstari hafifu, 30 kwa wa kati, saa nzima kwa mweusi. Toa, suuza, ziba kwa vanishi mistari iliyotosha, rudisha. Kwa ng'ombe, manyoya ya mbali hutoka kwanza na kivuli cha tumbo hutoka mwisho. Dawa iliyochoka ina shaba iliyoyeyuka, sumu kwa samaki: ipoze kwa magadi yaliyoyeyushwa, acha tope litulie, lipeleke panapopokelewa taka za kemikali. Si mtaroni.

Kinachoharibika. Mistari iliyokaribiana mno inaliwa ubavuni mpaka kuta zinaanguka, na badala ya kivuli cheusi unapata bonde pana lisiloshika wino, kijivu cha aibu. Acha nafasi zaidi pale unapotaka giza kuu. Nta ya zamani au yenye vumbi hutoboka, ukapata vidoa. Juu ya ngozi ya chura vinapendeza, juu ya anga ni balaa. Marekebisho ni rahisi kuliko njia zote: paka nta upya, ongeza. Kupunguza ndiko kugumu.

Idadi na maandishi ni kama burini, pengine pungufu kidogo kwa mistari hafifu. Inamfaa mchoraji wa penseli mwenye mashine ya rola na chumba chenye hewa.

Kuna ndugu mdogo, sindano kavu: unakwaruza shaba moja kwa moja bila nta wala asidi na kuacha ule ukingo ulioinuka ushike wino. Unatoa weusi wa mahameli, mzuri kwa bundi au popo, lakini rola inaulaza upesi. Tarajia nakala 10 hadi 20.

Suala la kioo

Njia zote tatu zinageuza picha. Kwa faru si kitu. Kwa konokono ni kosa la sayansi. Rembrandt alichora gamba la konokono wa baharini lenye madoadoa mwaka 1650 kwa kulitazama, moja kwa moja kwenye bamba. Kwenye karatasi mzunguko wa gamba ukatoka upande usio wake. Jina lake mwenyewe alikumbuka kuliandika kinyume. Mimea inayopanda kwa kujizungusha ina mtego uleule.

Dawa ya kawaida ni kuchora kwenye karatasi ya kuonea, kuigeuza, na kuhamisha. Ya pili walikuwa nayo wafanyakazi wa Maria Sibylla Merian, aliyetoa kitabu cha wadudu wa Suriname chenye mabamba 60 mjini Amsterdam mwaka 1705: nakala ambayo wino haujakauka inabanwa juu ya karatasi nyingine. Inayotoka imenyooka tena, haina alama ya kingo za bamba, na mistari yake ni hafifu, jambo lililopendeza kwa nakala za kupakwa rangi kwa mkono.

Kwa hali yako

Huna mashine na hutaipata karibuni: mbao, na uchague kiumbe cha ukingo. Unatengeneza kijitabu cha miti ya dawa chenye maelezo kila ukurasa: mbao tena, hata kama mashine unayo. Unataka nakala 30 za chui kwa maonyesho na mkono wako wa penseli ni mzuri: asidi. Chui huyohuyo kwa burini ni kazi ya mtu aliyekwisha kuchonga mabamba kadhaa.

Maua makubwa ya kupakwa rangi: burini ikiwa una muda, mbao ikiwa rangi ndiyo itakayobeba kazi, maana rangi nzito hufunika nusu ya mistari uliyoisotea. Mdudu mwenye miguu ya nywele na mabawa laini: anza kwa asidi, malizia mabawa kwa burini kwenye bamba hilohilo. Wengi walichanganya hivyo bila kuona haya, na mabamba ya kitabu cha Merian ni ushahidi.

Mwalimu mwenye darasa la watu 30 na chumba kimoja: mbao kwa wote, sindano kavu kwa watakaomaliza mapema, asidi kwa wanne wanne mbele ya macho yako. Burini toa kwa atakayeiomba, na siku ya kwanza mpe bamba, jiwe la kunolea na kazi moja: mistari 50 iliyonyooka, yote ya unene mmoja.